Saa Moja na Mkufunzi: Mazungumzo Kuhusu Uhalali wa Leseni ya Rubani Binafsi



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mizani za dukani, ankara za umeme na bidhaa zilizopitwa na muda wake. Leo tumekuja na habari za leseni za urubani, na yamkini wapo miongoni mwenu wanaojiuliza habari hizo zinamhusu nani. Zinamhusu yeyote anayelipia saa za kuruka kwa fedha zake mwenyewe. Zinamhusu pia mzazi anayemlipia mwanawe ada ya shule ya urubani ughaibuni, na hali kadhalika mke, mtoto au rafiki anayealikwa siku ya Jumapili kupanda ndege ndogo ya watu wanne. Huyo wa mwisho hakutia saini mkataba wowote, wala hakulipa kitu, lakini ndiye anayebeba hatari kubwa kuliko wote.

Kilichotufikisha hapa ni barua. Iliandikwa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi anafanya kazi katika nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, na huko ndiko alikosomea urubani kwa ajili ya kujifurahisha. Ameturuhusu tuisimulie habari yake bila ya kumtaja. Idhini yake ya kurusha ndege ya injini moja iliandikwa kuwa ingekwisha tarehe 31 Oktoba 2024. Mwezi wa Septemba 2023 alilipia saa moja ya kuruka pamoja na mkufunzi katika klabu yake. Karani aliyepokea fedha akamwambia, "Sasa umeshamaliza, huna deni mpaka miaka miwili ijayo." Mwaka uliofuata akaruka saa 14 bila mkufunzi, akapaa na kutua zaidi ya mara 20, na kila safari akaiandika kwenye daftari lake. Leseni ilikuwa mfukoni mwake siku zote, ila hakuna aliyeifungua kutazama tarehe.

Novemba 2024 akamchukua mkewe na wanawe wawili kwenda kuyaona mashamba kutoka angani. Walirudi salama. Lakini wakati wa kuirudisha ndege bandani, ncha ya bawa ikagonga nguzo. Bima ikaomba nakala za karatasi, na ndipo ilipofahamika kwamba siku ile baba yule hakuwa na idhini halali ya kurusha ndege aliyoirusha. Malipo yakasimamishwa. Mkewe akamwuliza swali ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, lilimuuma kuliko hasara ya bawa: "Ulitupandisha bila leseni?"

Ndugu huyo alituuliza mambo mawili: kosa lilikuwa wapi, na je, aweza kuidai klabu fedha zake? Ofisi yetu haina mamlaka katika nchi anayokaa, na tulimwambia hivyo. Hata hivyo maswali yake yalikuwa na jibu, na tangu tulipomjibu tumeulizwa mambo ya namna hiyo mara nyingi kiasi cha kuona heri tuyazungumze hadharani.

Tuanze na maneno, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkanganyiko huu ni ya maneno. Watu husema "leseni yangu imekwisha" ilhali leseni haijaisha. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo ni Kanuni Na. 1178 ya mwaka 2011 pamoja na marekebisho yake, leseni ya rubani hutolewa kwa maisha yote ya mwenyewe. Kinachokwisha ni idhini ya daraja iliyoandikwa ndani ya leseni. Wenye leseni za kuendesha magari watatuelewa upesi: kadi ni moja, lakini madaraja ndiyo yanayosema uendeshe pikipiki, gari dogo au lori. Idhini ya ndege ya injini moja ya pistoni, inayotambulikana kwenye leseni kwa herufi SEP, hudumu miaka 2. Leseni bila idhini iliyo hai ni karatasi yenye heshima, lakini hairuhusu mtu kupaa.

Kisha kuna maneno mawili ambayo kwa Kiswahili cha kawaida tungeyaita yote "kuhuisha", nayo kisheria ni mbali mbali. La kwanza ni kuongeza muda wa idhini ambayo bado haijaisha. La pili ni kuifufua idhini iliyokwisha. Njia ya kwanza ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Njia ya pili huanza kwa kutathminiwa kama rubani anahitaji mafunzo ya kujikumbusha, kisha hapana budi apite mtihani wa umahiri mbele ya mtahini. Baina ya njia hizi mbili pana usiku mmoja tu, usiku wa tarehe iliyoandikwa kwenye leseni. Aliyelala upande huu wa tarehe akiwa ametimiza masharti huamka na miaka 2 mingine. Aliyelala bila kutimiza huamka akiwa mtahiniwa.

Sasa, masharti yenyewe ya kuongeza muda. Rubani anaweza kuchagua kufanya mtihani wa umahiri ndani ya miezi 3 ya mwisho kabla ya tarehe ya kuisha. Asipotaka mtihani, anaweza kutumia uzoefu wake. Katika miezi 12 iliyotangulia tarehe ya kuisha, awe ameruka saa 12 katika ndege za daraja hilo. Katika hizo, saa 6 awe yeye ndiye rubani kiongozi. Awe amepaa mara 12 na kutua mara 12. Na awe amepata mafunzo ya kujikumbusha ya muda usiopungua saa 1 ya kuruka pamoja na mkufunzi.

Tunaomba mrudie kidogo maneno "katika miezi 12 iliyotangulia". Hapo ndipo ndugu yetu wa Tanga alipojikwaa. Idhini hudumu miaka 2, lakini sheria hutazama mwaka wa pili peke yake. Kwake yeye, dirisha lilifunguka tarehe 1 Novemba 2023 na kufungwa tarehe 31 Oktoba 2024. Saa zake 14 zilikuwa ndani ya dirisha. Saa ya mkufunzi ilikuwa nje, kwa muda wa wiki chache tu. Angeruka na mkufunzi yule yule, ndege ile ile, kwa bei ile ile, baada ya kuanza Novemba, asingetuandikia barua. Kwa maneno mengine, alinunua kitu kizuri kabla ya wakati wake, na aliyemwuzia hakumwuliza anakinunua kwa ajili ya nini.

Saa hiyo ya mkufunzi ndiyo inayozaa maswali mengi kuliko masharti mengine yote, nasi tutakaa nayo kidogo.

Swali la kwanza tunaloulizwa: je, ni lazima iwe safari moja isiyokatika? Hapo zamani maandishi ya kanuni yalisema safari ya mafunzo ya saa moja, na wengi wakaelewa kwamba aliyetua baada ya dakika 50 amepoteza kila kitu. Baadaye maandishi yalibadilishwa, na sasa yanazungumzia mafunzo ambayo jumla ya muda wake wa kuruka haipungui saa moja. Kwa hiyo safari mbili za nusu saa zaweza kujumlishwa. Wakufunzi wengi wa zamani bado wanaeleza kanuni ya awali kwa nia njema kabisa, kama wazee wanaotaja nauli ya miaka iliyopita. Mkisikia majibu mawili yanayopingana, mara nyingi hakuna mwongo kati ya wasemaji. Kila mmoja amesoma toleo lake.

Swali la pili ni la ankara, na hapa tunawasihi wasikilizaji wawe na macho. Saa ya sheria na saa ya klabu si lazima ziwe saa moja. Kwa sheria, muda wa kuruka huanza kuhesabiwa pale ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa, na huishia pale inaposimama kabisa baada ya safari. Klabu nyingine hutoza kwa mita ya injini, nyingine kwa saa ya ukutani, na nyingine huuza kile zinachokiita kipindi cha saa moja, kikiwa kimejumuisha maelezo ya ubaoni na kikombe cha chai. Maelezo hayo yana faida yake, wala hatuyadharau. Lakini dakika 45 za kuruka na dakika 15 za ubaoni hazifanyi saa moja ya kuruka, hata kama ankara imeandika hivyo kwa wino mweusi. Tumeona ankara ya namna hiyo. Mwenyewe aligundua upungufu wa robo saa siku 4 kabla ya idhini yake kwisha, na kwa bahati hali ya hewa ilimruhusu kuifidia.

Swali la tatu: saa ile ahesabiwe nani kuwa rubani kiongozi? Katika safari ya mafunzo kiongozi ni mkufunzi, naye mwenye leseni huandika kwamba alikuwa akifundishwa. Saa hiyo inaingia katika jumla ya saa 12, lakini haiingii katika zile 6 za uongozi. Aliyeruka saa 12 kamili ambazo 7 alikuwa na mkufunzi amebakiwa na 5 tu za uongozi, naye hajatimiza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa saa za urubani maneno hayo ni kweli neno kwa neno.

Swali la nne ndilo lenye uchungu. Bibi mmoja alitueleza kwamba alilipia saa yake na kuruka, na baada ya kutua mkufunzi akamwambia, "Umeshindwa, sitatia saini mpaka ununue saa 3 nyingine." Je, alikuwa na haki? Tuseme wazi: kanuni haikuifanya saa hiyo kuwa mtihani. Haina alama za kufaulu wala za kushindwa. Ni mafunzo, na mafunzo yaliyotolewa yamekwisha kutolewa. Mkufunzi anayezuia uthibitisho wa safari iliyofanyika kweli ili auze saa zaidi anatumia saini yake kama rehani, na jambo hilo hatulikubali katika biashara yoyote. Lakini hatutamficha yule bibi upande wa pili. Ikiwa mkufunzi ameona kwamba mtu anatua vibaya upepo unapovuma kutoka ubavuni, au ameduwaa injini ilipopunguzwa nguvu kwa mazoezi, basi wajibu wake ni kusema, na wajibu wa mwenye leseni ni kusikia. Saini haitui ndege. Tulimshauri bibi yule adai kumbukumbu ya safari yake iandikwe kama ilivyokuwa, kisha achague mkufunzi mwingine na afanye mazoezi ya kutua kabla ya kumpakia mtu. Alikubali nusu ya kwanza kwa furaha na nusu ya pili kwa shingo upande.

Wako pia wanaoikosea saa hiyo kwa namna nyingine, nao ni wale wanaoifanya matembezi. Wanakwenda na mkufunzi hadi uwanja wa jirani, wanakula chakula cha mchana na kurudi. Sheria yaweza kutimia, lakini fedha imepotea. Mtu anayeruka saa 12 kwa mwaka anaruka kidogo sana. Pengine saa hiyo moja ndiyo nafasi pekee ya mwaka mzima ya kufanya, akiwa na mtu wa kumwokoa, mambo ambayo hathubutu kuyafanya akiwa peke yake: kuipunguza kasi ndege mpaka bawa lishindwe kuibeba na kisha kuirejesha, kutafuta shamba la kutua injini ikiwa imenyamaza, kughairi kutua dakika ya mwisho na kupaa tena. Mwenye kulipa ana haki ya kuyaomba hayo. Ni vyema ayaombe kabla ya kuwasha injini, kwa maana angani muda unalipiwa.

Tukumbushe pia kwamba aliyefaulu mtihani wa idhini ya ndege ya daraja au aina nyingine anasamehewa saa hiyo ya mkufunzi. Wachache wanaijua nafuu hii, na hatujasikia klabu iliyomtangazia mteja kwamba hana haja ya kununua.

Baada ya masharti yote kutimia kuna jambo la saini. Idhini haijiongezi muda yenyewe. Lazima mtahini aandike tarehe mpya kwenye leseni, au mkufunzi aliyetoa saa ile, iwapo amepewa ruhusa mahsusi na mamlaka iliyotoa leseni ya rubani husika. Si kila mkufunzi ana ruhusa hiyo, wala ruhusa ya mamlaka ya nchi moja haimwezeshi kutia saini leseni ya nchi nyingine. Muulizeni kabla ya kulipa. Na msingoje siku ya mwisho ya mwezi, kwani watahini nao husafiri, huugua na huoza mabinti zao.

Pana leseni nyingine ya Ulaya, nyepesi zaidi, ijulikanayo kwa herufi LAPL. Hiyo haina tarehe ya kuisha kwa idhini ya daraja, na wengine hudhani kwa hiyo haina masharti. Inayo. Kila siku anapotaka kuruka, mwenye leseni hutazama nyuma miaka 2 na kujiuliza kama ndani yake mna saa 12 za kuruka, kupaa na kutua mara 12, na saa 1 ya mafunzo na mkufunzi. Hapa dirisha linatembea pamoja na kalenda. Mwenye leseni ya aina ya kwanza akifuata hesabu ya aina ya pili ataingia katika shimo lile lile la ndugu yetu wa Tanga, na kwa kweli tunashuku kwamba karani wa klabu ile alichanganya leseni hizi mbili.

Mchanganyiko mwingine hutoka ng'ambo ya Atlantiki. Wengi wa vijana wetu husomea Marekani, na cheti cha rubani cha Marekani hakina tarehe ya kuisha. Badala yake, rubani hufanya mapitio na mkufunzi kila baada ya miezi 24 ya kalenda, yasiyopungua saa 1 ya kuruka na saa 1 ya nadharia. Huko hakuna hesabu ya saa 12 kwa ajili ya mapitio hayo, na asiyefanya vizuri haandikiwi kwamba ameshindwa; huandikiwa mafunzo tu na kuendelea kujifunza. Nayo Uingereza, tangu muda wa mpito ulipokwisha tarehe 31 Desemba 2020, ina sheria yake yenyewe iliyotokana na ile ya Ulaya na inayobadilishwa huko huko. Kwa hiyo ushauri wa jamaa aliyeko Texas au Manchester waweza kuwa sahihi kwake na kosa kwa aliyeko Lisbon. Kinachotazamwa ni nchi iliyotoa leseni na nchi ilikosajiliwa ndege. Na anayerejea kuruka Afrika Mashariki aiulize mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi anakorukia, wala asihamishe hesabu za Ulaya kama zilivyo.

Kwa wale wanaoalikwa kupanda, hatutaki kuwafanya wakaguzi wa ndugu zao. Lakini si utovu wa adabu kumwomba rubani aifungue leseni na kuonyesha tarehe. Si utovu wa adabu kuuliza kama ndani ya siku 90 zilizopita amepaa na kutua mara 3 katika ndege ya daraja hilo, kwa kuwa Ulaya bila hivyo haruhusiwi kubeba abiria hata idhini yake ikiwa hai. Na cheti chake cha afya: kwa rubani binafsi hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya umri wa miaka 40, kisha miezi 24, na baada ya kutimiza miaka 50 kila miezi 12. Wapo waliohesabu saa zao kwa uangalifu mkubwa wakasahau kwamba wamezeeka.

Tunarudi kwa swali la pili la ndugu yetu, la fedha. Klabu ilimwuzia saa ya mkufunzi na saa hiyo aliipata. Kwa hilo hana dai. Dai lake lilikuwa juu ya maneno ya karani, na maneno hayo hayakuandikwa popote. Ankara ilisema "mafunzo, saa 1", basi. Tungependa ingesema saa hiyo ni ya kuongeza muda wa idhini gani, inayokwisha tarehe gani, na nani atakayetia saini. Karani anayelazimika kuandika tarehe ya kuisha huitazama leseni kwanza, na aliyeitazama leseni ya ndugu yetu mwezi ule wa Septemba angemwambia arudi Novemba. Ombeni ankara ya namna hiyo. Klabu ikikataa kuiandika, ulizeni kwa barua na mhifadhi jibu.

Yeye mwenyewe alitathminiwa, akaruka na mkufunzi, kisha akafanya mtihani na kufaulu. Gharama yake ilizidi ile ya saa moja mara kadhaa. Bima bado inabishana naye juu ya bawa. Mkewe hajapanda tena, ingawa katika barua ya mwisho ametuarifu kwamba binti yake mkubwa ameomba kwenda, na kwamba kabla ya kuomba aliitaka leseni, akaisoma tarehe kwa sauti.

Maswali yenu tutayapokea sasa. Wenye madaftari na ankara zao wabaki baadaye, tutazitazama pamoja, mmoja baada ya mwingine.